Nyuma ya Pazia Kuna Shangazi na Kamba Yake

Saa tatu asubuhi. Ukumbi wa maigizo wenye viti mia tatu na arobaini ni mtupu, taa moja tu inawaka juu ya jukwaa, na mwanamke wa miaka hamsini na tisa amepiga magoti chini ya pazia jekundu. Sindano ameibana mdomoni. Anapapasa pindo la kitambaa akitafuta mahali mshono ulipoachia jana.

Anapapata, anaguna, anaanza kushona kwa mkono wa kushoto. Si kwamba ni wa mashoto. Mkono wa kulia hauinuki tena kupita kifua.

"Pazia hili lina kilo mia moja na thelathini," anasema akivuta uzi. "Mimi nina kilo sitini na moja. Sasa piga hesabu mwenyewe ujue nani anamvuta mwenzake."

Waigizaji wote humwita Shangazi, wakiwemo wanaomzidi umri. Hata meneja wa ukumbi humwita Shangazi anapotaka jambo, na asipotaka jambo humwita mama. Kazi yake ni kuvuta pazia. Mchezo ukianza anavuta, mchezo ukiisha anavuta, na katikati ya hapo anasimama pembeni mwa jukwaa, mkono kwenye kamba, saa mbili na zaidi bila kukaa. Ameifanya kazi hiyo kwa miaka ishirini na sita.

Mshahara wake unatosha kodi ya vyumba viwili na chakula cha wiki tatu. Wiki ya nne huwa anaishi kwa kudra na kwa binti yake, ambaye ni mshonaji nguo na ana watoto wawili wa kulisha. Mwaka jana bega lilipokataa kabisa, alikwenda hospitali. Daktari akamuuliza anafanya kazi gani, akajibu kwamba anavuta pazia.

"Akanitazama kama naleta mzaha," anakumbuka. "Akaniambia, mama, pazia la dirishani haliwezi kuumiza bega namna hii. Nikachoka kumweleza. Nikachukua dawa zangu nikaondoka."

Asubuhi hii hayuko peke yake. Fundi wa umeme yuko juu ya ngazi, penseli sikioni, anapima ukuta. Wiki ijayo italetwa mota, na kamba aliyoizoea Shangazi itashushwa na kukunjwa. Kuanzia siku hiyo pazia litafunguka na kufungika kwa kubonyeza kitufe. Fundi anataka kujua leo, kabla hajatoboa ukuta, kitufe hicho kitakaa wapi.

Redio ya simu ya fundi inanguruma. Mchambuzi fulani wa siasa, mwenye sauti ya mtu aliyekula akashiba, anaeleza kwamba yaliyotangazwa jana siyo yenyewe, yenyewe yako nyuma ya pazia. Nyuma ya pazia, anasema, kuna watu wanapanga mambo.

Shangazi anakata uzi kwa meno.

"Mwambie aje," anamwambia fundi. "Aje aone tunavyopanga mambo. Jana nyuma ya pazia tulikuwa watu tisa tunatafuta kiatu kimoja cha malkia."

Fundi anacheka mpaka ngazi inatikisika.

Ni msemo ambao hatuuachi hata siku moja, na sisi wa magazeti ndio vinara. Bei ikipanda, kuna mkono nyuma ya pazia. Kocha akifukuzwa, tunaahidi wasomaji yaliyojiri nyuma ya pazia. Ndoa ikivunjika, majirani wanatikisa vichwa kwamba nyuma ya pazia kulikuwa na mengi. Kila mara maana yake ni ile ile: kuna jambo limefichwa, na kwa kawaida jambo hilo ni baya, limefanywa na wajanja wasiotaka kuonekana.

Lakini maneno hayo yalitoka kwenye kumbi kama huu, na huku maana yake haina ujanja wowote. Watazamaji wanakaa upande mmoja wa kitambaa, watu wa kazi wanakaa upande wa pili. Mbele kuna mfalme. Nyuma kuna mtu anayemfunga mfalme kamba za viatu, mwingine anashika glasi ya maji, mwingine anasoma maneno kwa kunong'ona ili mfalme asiyasahau. Watazamaji hawatakiwi kuwaona, maana wakiwaona utamu unaharibika. Basi watu wakalichukua neno wakatoka nalo mlangoni, wakalipeleka kwenye siasa na mpira, na huko njiani likapata sifa mbaya.

"Na hata mpira eti wanafungua pazia la ligi," Shangazi anaongeza, safari hii akiwa na hasira kidogo. "Pazia gani? Uwanja wenyewe hauna hata paa."

Kisha anakaa chini kabisa, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha mbele. Anasema amechoka. Hasemi kwa kulalamika. Anasema kama mtu anayekuambia jina lake.

Kwa hiyo mtu angedhani mota ni habari njema kwake, na kwa kweli bega lake linaisubiri kwa hamu. Hajalilia kazi. Ameshaongea na binti yake kwamba atahamia kwake, awapeleke wajukuu shule, alale mchana kama watu. Binti anahesabu siku.

"Mama hawezi hata kuinua sufuria ya maji," binti anasema kwa simu, cherehani ikisikika nyuma yake. "Akilala kwangu nasikia anaguna kwenye usingizi. Mimi nimemwambia, kitufe wakiweke hata juu ya mwezi, wewe njoo nyumbani. Ila ana kichwa kigumu."

Kichwa kigumu kina sababu. Meneja anataka kitufe kiwekwe kwenye chumba cha taa, kule juu mwisho wa ukumbi, nyuma ya watazamaji. Shangazi anataka kiwekwe pembeni mwa jukwaa, pale aliposimama miaka ishirini na sita, na pawe na mtu. Ndilo ombi lake pekee kabla ya kuondoka. Ameliomba mara tatu tangu mwezi uliopita na mara zote tatu ameambiwa litafikiriwa.

Ili kuelewa ung'ang'anizi huu ni lazima kurudi nyuma miaka kumi na moja, kwenye mchezo mmoja wa alasiri.

Mwigizaji mkuu siku ile alikuwa mtu ambaye wenzake humwita Mfalme, kwa kuwa katika kila mchezo wenye kiti cha enzi hupewa yeye. Ana sauti nzito na tumbo linalofanana na sauti. Nje ya jukwaa ni karani kwenye stoo ya vipuri vya magari. Katika mchezo huo alitakiwa kuanguka na kufa mwishoni kabisa. Akaanguka kurasa nne kabla.

Waigizaji wenzake walidhani amesahau maneno akaruka kurasa, wakaanza kuomboleza kwa kukisia. Mwongozaji alikuwa juu kwenye chumba cha taa, akadhani Mfalme anatia chumvi, akapendezwa. Watazamaji walipiga makofi.

Shangazi akafunga pazia.

"Nilikuwa hatua tano kutoka kwake," anasema. "Sikuangalia uso. Uso wa mwigizaji utakudanganya, hiyo ndiyo kazi yake. Mimi naangalia miguu."

Anaeleza polepole, kwa mtu asiyejua. Anayeigiza kuanguka huchagua pa kuangukia. Hata awe hodari namna gani, miguu yake huipanga, goti hutangulia, mkono hautui chini ya mwili kwa sababu anajua atalala pale dakika nyingi na utakufa ganzi. Mfalme siku ile alianguka na mkono chini ya kifua. Mguu mmoja ulipinda vibaya na kiatu kikatoka. Hakuna mwigizaji anayeacha kiatu kitoke.

Nyuma ya pazia wakamkuta amelowa jasho, midomo inacheza. Ana ugonjwa wa kisukari, alikuwa ametoka kazini moja kwa moja bila kula, na sukari ilikuwa imeshuka vibaya. Wakampaka sukari ndani ya shavu, wakambeba mpaka kwenye gari. Hospitali walisema wangechelewa kidogo tu wangemzika.

Huku ukumbini, kabla habari haijafika, mwongozaji alishuka ngazi akifoka, akitaka kujua ni nani kafunga pazia bila amri. Shangazi aliandikiwa barua ya onyo siku ile ile. Habari ilipofika mwongozaji akamkumbatia, wengine wakalia. Ila barua imo kwenye faili lake mpaka leo. Hakuna aliyekumbuka kuifuta, na yeye hakuomba.

Saa tano kamili anagonga mlango wa meneja. Meneja si mtu mbaya. Ana meza iliyojaa makaratasi, feni iliyokufa na shati ambalo asubuhi lilikuwa safi. Hoja zake zina uzito na anazitoa kwa upole.

"Shangazi, anayefunga pazia anatakiwa aone jukwaa lote. Kule juu anaona lote. Wewe pembeni unaona nusu."

"Ninaona nusu, lakini naona kwa karibu."

"Na vitufe viwili siwezi. Mmoja anafunga, mwingine anafungua, tutakuwa kichekesho cha mji."

"Basi kiwe kimoja. Kiwe pale pale."

"Na nani akae? Wewe unaondoka. Nafasi ya mvuta pazia imeshafutwa kwenye bajeti, sina mtu."

Shangazi anakiri mwenyewe kwamba aliiangalia tu ile feni, akajisikia mjinga. Mwezi mzima alikuwa amepigania mahali pa kitufe na hakuwahi kumtafuta wa kukibonyeza. Alikuwa ameshageuka kuondoka pale sauti iliposikika mlangoni.

"Mimi nipo."

Ni mkata tiketi, mwanamke wa miaka arobaini hivi, ambaye alikuwa amekuja kuomba chenji. Akaeleza kwamba mchezo ukianza yeye hufunga dirisha na kukaa kusinzia mpaka watu watoke. Saa mbili anasinzia kwa mshahara.

"Usiseme hivyo mbele ya bosi," Shangazi akamnong'oneza.

"Bosi anajua. Huwa ananiamsha yeye."

Meneja akajikuna kidevu. Akasema basi wajaribu, leo hii, kwenye mchezo wa saa tisa. Mkata tiketi asimame pale na Shangazi, ashike kamba mwenyewe. Yeye meneja atakaa chumba cha taa aangalie. Akiridhika, fundi atapitisha waya upande wa jukwaa. Asiporidhika, waya utakwenda juu na mjadala umekwisha. Fundi aliambiwa asubiri na akajilaza kwenye viti vya nyuma.

Kutoka hapo mpaka saa tisa Shangazi hakula. Alimfundisha mwenzake pa kusimama, namna ya kuegemea ukuta bila kuonekana, namna ya kukohoa ndani ya kiwiko. Mkata tiketi aliandika mambo mengine nyuma ya kitabu cha tiketi. Mfalme alipita akiwa nusu amevaa, taji mkononi, akasimama.

"Unamfundisha huyu?"

"Namfundisha."

"Mfundishe vizuri, Shangazi. Hiyo ni roho yangu unamkabidhi."

"Wewe umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Mfalme akamtajia, kidole kwa kidole, kama mtoto anayekaguliwa kabla ya kwenda shule, kisha akaenda zake.

Saa tisa viti karibu vyote vimejaa, wengi wa watazamaji wakiwa wanafunzi. Mkata tiketi anavuta kamba na pazia linafunguka, likisita kidogo katikati kama kawaida yake. Shangazi yuko nyuma yake, mikono ameikunja. Ni mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita kwamba pazia hili limefunguka na mikono yake haina kazi. Hajui aiweke wapi. Anaiweka mifukoni, anaitoa.

Mambo yanakwenda vizuri mpaka sehemu ya tatu. Mfalme anapaswa kuletewa habari ya usaliti, apige kelele, aanguke. Analetewa habari. Anapiga kelele. Anaanguka kwa kishindo, jukwaa linatetemeka, msichana mmoja kwenye viti vya mbele anapiga yowe la kweli.

Mkata tiketi anavuta.

Pazia linaingia jukwaani kiasi cha mkono mmoja kabla Shangazi hajamshika kifundo. Kwa mkono wa kulia, ule ule mbovu. Maumivu yanapanda mpaka kwenye meno.

"Tazama miguu," ananong'ona.

Mkata tiketi hasikii, bado anavuta.

"Miguu, mwanangu. Tazama."

Anatazama. Goti la Mfalme limepinda vizuri, viatu viko mguuni, mkono umelazwa kando juu ya zulia mahali pasipo na msumari. Amechagua. Polepole mkata tiketi analegeza kamba, pazia linarudi, na ukumbini kila mtu analia bila kujua lolote. Kwenye ule mwanga wa pembeni jasho linaonekana likimtiririka mkata tiketi hadi kidevuni. Mwishoni, Mfalme anapozikwa na ngoma inaponyamaza, yeye anafunga pazia mahali hasa panapotakiwa. Lakini anajua, na Shangazi anajua, kwamba kule juu kuna mtu aliyeona pazia likisogea.

Meneja anashuka dakika kumi baadaye. Fundi anamfuata, penseli bado sikioni.

"Pazia lilisogea," meneja anasema.

"Ni mimi," Shangazi anajibu papo hapo. "Bega lilinishtua."

"Si wewe. Nilikuwa na darubini."

Mkata tiketi anaangalia sakafu. Anasema kwa sauti ndogo kwamba aliogopa, alidhani mtu amekufa, hakufikiri. Anaomba msamaha. Anasema labda hiyo kazi si yake.

"Unaona?" meneja anamgeukia Shangazi. "Huyu ana woga."

"Ndiyo, ana woga." Shangazi ameshika bega lake, na kwa mara ya kwanza siku nzima sauti imempanda. "Asiye na woga simtaki pale. Huyu kaona mtu kaanguka, hakungoja kuulizwa, mkono umekwenda wenyewe. Kuangalia miguu atajifunza kwa wiki moja, nitamfundisha mimi. Huo mkono siwezi kumfundisha. Kule juu mlikuwa wangapi? Watatu? Nani kati yenu alishtuka?"

Meneja anamtazama Mfalme, ambaye amekaa juu ya kiti chake cha enzi cha mbao akimenya ndizi, taji limelalia sikio.

"Mimi nilipenda tu alivyoanguka," meneja anakiri.

"Kila mtu hupenda," Mfalme anasema, mdomo umejaa.

Meneja anamwambia fundi apitishe waya upande wa jukwaa, kitufe kimoja, usawa wa kifua cha mtu. Anaondoka haraka, pengine kabla hajabadili nia. Fundi anachora msalaba mdogo ukutani kwa penseli.

Mkata tiketi anakwenda kunawa uso. Waigizaji wanavua nguo za kifalme wakibishana nani kaondoka na sabuni. Shangazi anaketi juu ya sanduku la viatu na kuomba msaada wa kufungua chupa ya dawa, maana vidole vya kulia havishiki.

Amebakiwa na siku sita. Zote sita atamfundisha mwenzake, na baada ya hapo ataondoka akalale mchana. Anaulizwa kama atarudi kuwatembelea wenzake nyuma ya pazia. Anatikisa kichwa kwa nguvu. Anasema ametosheka na nyuma.

Anachotaka ni kununua tiketi. Tangu aajiriwe hajawahi kukaa kwenye kiti cha ukumbi huu mchezo ukiendelea, hata mara moja. Amekwisha kuchagua kiti, safu ya nne, katikati, na wajukuu wawili kushoto na kulia.

"Nataka Mfalme afe," anasema, amefumba macho. "Aanguke vile anavyojua. Na mimi nilie kama wale watoto, nilie kabisa, nisiangalie miguu ya mtu. Miaka yote hii sijawahi kumlilia. Sikuwa na nafasi."